Kujua umbo la mwili kwa vipimo na kuchagua mshono unaofaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanamke wa Unguja au Pemba anayenunua kitambaa Darajani au Chake Chake, akampelekea fundi, na akataka kujua kabla ya mkasi kupita ni mshono gani utamkaa vizuri. Vipimo vimetajwa kwa inchi kwa sababu ndivyo mafundi wetu wanavyoviandika katika madaftari yao, na anayetaka sentimita azidishe kwa 2.54. Mgawanyo wa maumbo umeelezwa kwa kirefu kwa kuwa unaulizwa mno, ingawa rai yetu ni kwamba tofauti baina ya kipimo kimoja na kingine humsaidia fundi zaidi kuliko jina la umbo lenyewe.

Ninahitaji vipimo gani, na kila kimoja kinapimwa wapi hasa?

Kwa ajili ya kujua umbo vinatosha vinne: kifua, kiuno, nyonga ya juu na nyonga kamili, ambayo mafundi wengi huiita hipsi. Kifua kinapimwa kwa kupitisha tepu chini ya makwapa na juu ya sehemu iliyojaa zaidi, huku umevaa sidiria ileile utakayoivaa na nguo inayoshonwa, kwa sababu sidiria nyingine hubadilisha kipimo hicho kwa inchi nzima. Kiuno ndicho kinachowachanganya watu wengi, kwani wengi hupima pale wanapofungia sketi au kikoi, na hapo mara nyingi ni chini ya kiuno cha kweli. Njia nyepesi ya kukipata ni kufunga lastiki nyembamba tumboni kisha kujipinda kushoto na kulia mara chache. Lastiki itatulia yenyewe mahali panapojikunja, na hapo ndipo pa kupima.

Nyonga ya juu iko kiasi cha inchi 3 chini ya kiuno, usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga, na wengi hawajawahi kuipima maishani mwao ingawa ndiyo inayoamua kama sketi itatulia au itapanda kila unapotembea. Nyonga kamili inapimwa mahali palipojaa zaidi makalioni, miguu ikiwa imeshikana, na kwa kawaida huwa inchi 7 hadi 9 chini ya kiuno. Mabega hayaingii katika hesabu ya umbo tutakayoieleza hapa chini, lakini yapimwe kwa mgongoni, kutoka ncha ya bega moja hadi ncha ya bega la pili, kwa sababu tutayahitaji.

Nikijipima peke yangu tepu inashuka mgongoni. Nifanye nini?

Tafuta mtu akupimie. Ikiwa hayupo, simama ubavu mbele ya kioo uone kama tepu iko sawa mbele na nyuma, na usiivute hadi ikabana nyama wala usizuie pumzi. Pima kila mahali mara mbili, na majibu yakitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, pima mara ya tatu.

Sipendi kupimwa na fundi mwanamume. Kuna njia nyingine?

Zipo, na hapa kwetu ni jambo la kawaida ambalo fundi yeyote mwenye adabu atalielewa bila ya kuulizwa sababu. Ya kwanza ni kwenda kwa mmoja wa wanawake wanaoshona majumbani. Ya pili ni kupimwa nyumbani na dada, wifi au shoga, kisha ukaviandika vipimo katika karatasi na kueleza wazi kwamba ni vipimo vya mwili, ili fundi ajue kwamba ataongeza mwenyewe nafasi ya kupumulia. Ya tatu ndiyo inayotumika sana, nayo ni kupeleka nguo ya kipimo, yaani gauni ambalo tayari linakukaa.

Hii ya tatu ina mitego yake. Nguo ikilazwa juu ya meza na kupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, kisha jibu likazidishwa kwa mbili, kinachopatikana ni kipimo cha nguo, ambacho ni kikubwa kuliko mwili. Gauni linaloushika mwili bila ya kubana huwa na ziada ya inchi 2 au 3 kifuani, na lililoachiwa kidogo hufikia 4 au zaidi. Kwa hivyo anayetaka kujua umbo lake kwa njia hii hana budi kuipunguza ziada hiyo, na ni lazima atumie gauni lililokatwa kiuno. Dera halifai hata kidogo kwa kazi hii, kwa sababu limekatwa moja kwa moja na halijui kiuno chako kiko wapi. Nguo ya kitambaa kinachovutika nayo haifai, maana ikilazwa mezani huweza kuwa ndogo kuliko mwili ulioivaa.

Nikishapata vipimo, nitajuaje umbo langu?

Zipo hesabu nyingi, na zinapishana. Iliyo makini zaidi miongoni mwa zinazotumika ilitolewa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State nchini Marekani, ambao waliyagawa maumbo ya wanawake katika aina tisa kwa kutumia tofauti za inchi baada ya kuona kwamba kuangalia kwa macho tu kunategemea mno anayeangalia. Tutaieleza kwa kufuata kipimo kinachozidi.

Anza kwa kutoa kifua katika nyonga kamili. Ikiwa nyonga hazizidi kifua kwa inchi 3.6, na kifua nacho hakizidi nyonga kwa kiasi hicho, basi juu na chini yako ni karibu sawa, na kinachobaki ni kukiangalia kiuno. Kifua kikiwa hakijazidi kiuno kwa inchi 9, na nyonga hazijakizidi kwa inchi 10, umbo ni la mstatili. Kiuno kikiwa kimepungua kwa kufikia mojawapo ya tofauti hizo, na kifua hakizidi nyonga kwa zaidi ya inchi 1, umbo ni lile ambalo watu huliita namba nane.

Ikiwa nyonga zinazidi kifua kwa inchi 3.6 au zaidi, uko upande wa wale waliojaa chini, na hapo kuna njia tatu. Nyonga zikizidi kiuno kwa chini ya inchi 9, umbo ni la pembetatu. Zikifika 9 au zaidi, chukua nyonga ya juu uigawe kwa kiuno: jibu likiwa chini ya 1.193, umbo ni namba nane iliyojaa chini, na likifika 1.193 au kupita, ni umbo la kijiko, ambalo upana wake huanza mara tu chini ya kiuno kama rafu. Kijiko kina mlango mpana kidogo, kwani huwaingiza hata wale ambao nyonga zao zinazidi kifua kwa zaidi ya inchi 2 na zinazidi kiuno kwa inchi 7, alimradi mgawanyo huo wa nyonga ya juu umetimia. Aliyejaa juu ana njia mbili: kifua kikizidi nyonga kwa inchi 3.6 na kikazidi kiuno kwa chini ya 9, ni pembetatu iliyopinduliwa. Kikizidi nyonga kwa zaidi ya inchi 1 na kikazidi kiuno kwa 9 au zaidi, ni namba nane iliyojaa juu. Maumbo mawili yaliyobaki, la yai na la almasi, huhitaji vipimo vya ziada vya tumbo, juu na chini ya kiuno, na kwa mshono wa kawaida inatosha kujua kwamba tumbo ndilo lililo mbele ya vyote.

Nimehesabu na nimejikuta katikati ya maumbo mawili. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Chukua mfano wa mwanamke mwenye kifua 37, kiuno 31 na nyonga 42. Nyonga zinazidi kifua kwa 5 na zinazidi kiuno kwa 11, kwa hivyo kinachosubiriwa ni nyonga ya juu tu. Ikiwa ni 36.5, jibu la kugawa kwa 31 ni 1.177, naye ni namba nane iliyojaa chini. Ikiwa ni 37, jibu ni 1.194, naye ni kijiko. Nusu inchi, ambayo chakula cha mchana kinaweza kuileta, imembadilisha jina, ilhali sketi itakayomfaa ni ileile.

Ndiyo maana tunasema kwamba jina la umbo lisipewe uzito kupita kiasi. Ukimwambia fundi kuwa wewe ni kijiko, ataitikia kwa heshima na hatajua akate nini. Ukimwambia kwamba nyonga zako zinazidi kiuno kwa inchi 11 na kwamba upana unaanza juu, ameshajua kwamba sketi ya kubana itahitaji mikunjo minne ya ndani nyuma badala ya miwili, na kwamba zipu ndefu itaokoa mshono usichanike.

Je, ni kweli kwamba umbo namba nane ndilo la kawaida na mengine ni kasoro?

Si kweli. Watafiti wa chuo kikuu hichohicho waliwachunguza wanawake zaidi ya 6,000 wa Marekani, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionesha kwamba asilimia 46 walikuwa mstatili na asilimia 8 tu ndio waliokuwa namba nane. Takwimu hizo ni za Marekani na haziwezi kuhamishiwa Makunduchi au Wete, lakini zinatosha kuonesha kwamba umbo linalosifiwa zaidi mitandaoni ni la wachache hata huko wanakolitangaza.

Mimi navaa baibui na dera karibu kila siku. Umbo lina maana gani katika nguo pana?

Swali hili ndilo tulilolisubiri, kwa sababu maelezo mengi ya maumbo yameandikwa kwa ajili ya watu wanaovaa suruali na blauzi za kubana, na mwanamke wa hapa akiyasoma huona kama hayamhusu. Nguo pana nayo ina mahali inapoegemea mwilini, na mahali hapo ni mabega. Mshono wa bega ukishuka hadi juu ya mkono, baibui zima huonekana limeazimwa, hata kama kitambaa ni cha bei ya juu. Ukiwa umepanda kuelekea shingoni, makwapa hubana na mikono huwa mifupi kila unapoinua kikapu. Kwa hivyo anayenunua baibui lililoshonwa tayari aangalie kwanza mabega, kisha urefu, na upana auangalie mwisho. Upana ukizidi hupunguzwa ubavuni kwa kazi ya nusu saa, lakini bega lililokosewa huhitaji kufumua mkono na kuukata upya.

Jambo la pili ni kwamba kifua na makalio huiba urefu. Kitambaa kinachopanda juu ya kifua kikubwa hurudi chini kikiwa kifupi mbele, na kinachopita juu ya makalio yaliyojaa huinuka nyuma, ndipo mtu akaonekana ana kisigino kimoja cha nguo hewani ingawa pindo lilikatwa sawasawa mezani. Dawa yake ni kupima urefu mara mbili: mbele, kutoka juu ya bega karibu na shingo, kupitia juu ya kifua, hadi sakafuni, na nyuma, kutoka palepale, kupitia juu ya makalio, hadi sakafuni. Tofauti ikiwa ya inchi 1 au zaidi, fundi aambiwe akate mbele na nyuma kwa urefu usiolingana. Vipimo hivi vichukuliwe ukiwa umevaa viatu utakavyovaa.

Jambo la tatu linahusu mabaibui yanayoletwa kutoka Dubai na nchi nyingine za Ghuba. Namba zake, kama 52, 54, 56 na 58, ni urefu wa nguo kwa inchi kutoka begani hadi pindoni, na hazisemi lolote kuhusu nyonga. Mwanamke mfupi mwenye nyonga pana akinunua 58 ili apate upana atajikuta anafagia barabara ya Mlandege. Bora achukue urefu wake kisha achague mkato unaofunguka chini, au ule ambao mikono yake imekatwa pamoja na kiwiliwili na kuanguka kwa upana.

Nyonga zangu ni pana na kifua ni kidogo. Nichague mshono gani?

Chaguo la kwanza ni gauni linaloshika mwili hadi kiunoni kisha linafunguka polepole kwenda chini, bila ya marinda mazito juu ya nyonga, kwa sababu marinda hukusanya kitambaa mahali ambapo tayari pamejaa. Kitambaa chenye uzito wa wastani kinachoanguka kwa utulivu kitafaa kuliko satini nyembamba, ambayo hung'aa kila palipo na mviringo na kunata mwilini wakati wa joto la kaskazi. Ukitaka kulinganisha juu na chini, weka kazi yote juu: nakshi ya shingo, mikono yenye puto kidogo begani, au kola pana.

Ikiwa unapenda sketi ya kubana na blauzi ya kitenge, vaa bila ya wasiwasi, ila sketi ikatwe kwa kipimo cha nyonga na ipunguzwe kiunoni. Fundi akifanya kinyume chake, akakata kwa kiuno halafu akajaribu kuongeza nyonga, mshono wa ubavuni hujipinda mbele na hakuna pasi itakayounyoosha. Ukumbuke pia kwamba nyonga hutanuka ukikaa, kwa hivyo pima mara moja ukiwa umekaa kitini na umwambie fundi tofauti yake.

Na kama kifua ndicho kikubwa, au mabega ni mapana?

Kwa kifua kikubwa na mabega ya kawaida, gauni likatwe kwa kipimo cha mabega, kisha kifua kipewe nafasi kwa mikunjo midogo ya ndani inayotoka ubavuni, au kwa mishono ya wima inayoshuka kutoka begani kupitia juu ya kifua. Kosa la kawaida ni kununua saizi kubwa ili kifua kiingie, na matokeo yake ni shingo inayoning'inia na mabega yanayotoka nje. Shingo ya V isiyo ya kina humpunguzia mtu uzito wa juu, na anayejisitiri huijaza kwa mtandio. Kwa mabega mapana acha puto za mikono na pedi, na upeleke upana chini kwenye rinda la sketi.

Mimi nimenyooka kama mstatili. Mkanda utanisaidia?

Utakusaidia ukiwa laini na ukifungwa mahali pa kiuno cha kweli. Ila usijilazimishe kutengeneza kiuno. Gauni lililonyooka kutoka begani, lenye mpasuo mfupi ubavuni kwa ajili ya kutembea, humkaa mstatili vizuri kuliko mtu yeyote, na wenye umbo hilo huenda wakaweza kununua nguo ya namna hiyo tayari dukani bila ya kupita kwa fundi.

Tumbo langu ni kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Kuna mshono wa kulificha?

Kuficha kabisa hakuna, kuna kutolishika. Mkato uanzie chini ya kifua, hapo pakusanywe kwa marinda machache, na kitambaa kiachiwe kianguke. Sketi iwe na lastiki nyuma na ubapa mbele. Usifunge mkanda juu ya tumbo, wala usichague kitambaa chenye mistari ya kulala, kwani mstari ukipita juu ya mviringo hujikunja na kuuonesha.

Nina doti moja ya kanga. Inatosha gauni kwa mtu wa umbo langu?

Kanga moja ina urefu wa kiasi cha sentimita 150 na upana wa kiasi cha sentimita 110, na doti ni mbili, kwa hivyo swali la umbo hapa linakuwa swali la kuielekeza kanga. Ukiiacha ilale kama inavyofungwa, jina likisomeka kwa mlalo, urefu wa gauni kutoka begani ni sentimita 110 tu, nao kwa mwanamke wa sentimita 160 utaishia kwenye muundi. Upana lakini utakuwa mkubwa sana, sentimita 300 kuzunguka, na nyonga yoyote itaingia. Ukiisimamisha, unapata urefu wa 150, unaotosha kufika chini na kukunja pindo, na upana wa 220 kuzunguka, ambao nao ni mkubwa kuliko nyonga za karibu kila mtu. Hasara yake ni kwamba jina litasimama wima na mwenye kutaka kulisoma atalazimika kuinamisha shingo, jambo ambalo kwa baadhi ya majina ya kanga huenda likawa ndiyo heri.

Tatizo la kanga kwa watu walioumbika kwa tofauti kubwa ni pindo. Pindo likikatwa ili kuingiza umbo, mstari wake huvunjika, na gauni hupoteza uzuri uliolinunulisha. Kwa hivyo mwenye nyonga zinazozidi kiuno kwa inchi 10 au zaidi asikate kanga kwa mkato wa kubana. Aifanye gauni pana, kisha akitaka kiuno apitishe kamba au lastiki kwa ndani. Pia aoshe kanga kabla ya kuipeleka kwa fundi, maana pamba hujirudi, na robo inchi kila upande huonekana baadaye.

Kitenge kina masharti hayohayo?

Yanatofautiana kidogo. Kitenge huuzwa kwa yadi, mara nyingi sita, na upana wake ni kiasi cha inchi 46. Hesabu ni nyepesi: nyonga 42, ziada ya 2 ya kupumulia na 2 za mishono, tayari upana umekwisha. Mwenye nyonga zaidi ya hapo sketi yake itatoka kwa vipande viwili, na anunue akijua hivyo. Maua makubwa yapangwe na fundi yasiangukie juu ya kifua wala katikati ya makalio. Fundi mzuri hufanya bila ya kuambiwa, lakini kumwambia hakugharimu kitu.

Nanunua mitumba. Saizi za lebo zinalingana na umbo langu?

Lebo ikuelekeze kwenye rundo, halafu tepu iamue. Saizi 12 ya Uingereza huhesabiwa sawa na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya bara, lakini kampuni mbili za nchi moja zinaweza kutofautiana. Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000 mwaka 1939 na 1940, ikatoa kanuni ya saizi mwaka 1958, na mwaka 1983 ikaiondoa. Tangu hapo kila mtengenezaji hupanga anavyoona. Zaidi ya hayo, nguo hizo zilikatwa kwa uwiano wa watu wengine wa kifua na nyonga, na ndiyo sababu sketi inayoingia nyongani huachia pengo kiunoni nyuma ambapo mkono mzima unapita. Chukua inayotosha sehemu yako kubwa, kisha fundi apunguze pengine.

Nijipime lini kwa ajili ya nguo za Idi au harusi?

Mafundi wa mjini hujaa kuanzia mwanzoni mwa Ramadhani, na wenye busara hupeleka vitambaa mwezi wa Shaabani. Lakini mfungo hubadilisha miili, wengine wakipungua na wengine, kwa sababu ya futari na daku, wakiongezeka, kwa hivyo nguo ya kubana iachiwe inchi moja ndani kila upande, na ijaribiwe katika kumi la mwisho. Usipime kiuno baada ya kufuturu. Kwa bi harusi, kipimo cha mwisho kichukuliwe karibu na siku yenyewe, kwani wengi hupungua kwa pirikapirika bila ya kukusudia.

Nimejifungua karibuni. Nisubiri?

Kwa nguo ya kubana, ndiyo, subiri hata baada ya arubaini, kwa sababu kifua hubadilika kila wakati na kiuno bado hakijatulia. Kwa sasa shona madera mawili au matatu yenye zipu mbele au vifungo hadi chini ya kifua, uweze kunyonyesha bila ya kuvua.

Vipimo hivi vinasema lolote kuhusu afya?

Umbo kama umbo halisemi, ila kiuno kinasema kidogo. Mashauriano ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 yalieleza kwamba kwa wanawake hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80, na huongezeka sana kinapozidi 88, au kiuno kikigawanywa kwa nyonga kikatoa 0.85 au zaidi. Kiuno cha daktari hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, kwa hivyo kisichukuliwe kutoka kwenye daftari la fundi. Mwenye wasiwasi aende kituo cha afya.

Mume wangu anataka kujua umbo lake kwa ajili ya kanzu.

Hana haja. Kwa kanzu yanatosha mabega, kifua, urefu wa mkono na urefu kutoka begani hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Na kama tumbo limezidi kifua, lipimwe na upana wa kanzu ufuate tumbo.

Mwisho wa yote, nimwandikie fundi nini?

Andika kifua, kiuno, nyonga ya juu, nyonga kamili, mabega, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, urefu wa mbele na urefu wa nyuma, kisha tarehe. Ongeza umbali kutoka begani hadi kiunoni, kwa sababu wanawake wawili wenye vipimo sawa vya mzunguko huweza kutofautiana hapo kwa inchi 2, mmoja akiwa na kiwiliwili kirefu na mwengine miguu mirefu, na gauni la kukatwa kiuno likabadilishwa baina yao halitamkaa hata mmoja. Taja kama ni vipimo vya mwili au vya nguo. Picha ya mshono kutoka kwenye simu ipelekwe, lakini mwambie fundi akueleze ni sehemu gani ya mshono huo atakayoibadilisha kwa ajili yako. Akijibu kwamba hakuna, muulize tena kabla hajakata. Vipimo hivyo vitafaa kwa miezi sita hivi kwa mtu ambaye mwili wake haubadilikibadiliki, na kwa msichana anayekua vichukuliwe upya kila anaposhonewa.